Hati ya zana ya kukagua repo huanzia kwenye "hapana"

Ukinitaka nieleze zana hii kwa pumzi moja nitasema hivi: unaipa njia ya folda au anwani ya mtandaoni, nayo inakujibu kama hapo pana repo ya Git (folda ambamo programu ya Git hutunza msimbo pamoja na historia ya mabadiliko yake) au hamna. Msimbo wa zana yenyewe ni mfupi, mtu anaumaliza kwa mkao mmoja. Hati yake ndiyo iliyonitoa jasho. Mpaka sasa ni ndefu kuliko msimbo wenyewe, na wapo wenzangu wanaoliona hilo kuwa kichekesho. Mimi sioni cha kuchekesha. Zana ya ukaguzi haizalishi chochote isipokuwa jibu, na jibu ambalo hujui limepatikanaje huwezi kulifanyia kazi. Humu nitaiita kagua, kwa kuwa ndilo neno unaloliandika kwenye terminali.

Rasimu za kwanza za hati za zana kama hizi hufanana kama mapacha. Mstari mmoja wa kusema zana inafanya nini, namna ya kuisakinisha, orodha ya machaguo, mfano mmoja unaofanikiwa, leseni. Mwandishi anasimama ndani ya repo isiyo na kasoro, anaendesha amri, anapata jibu zuri, analinakili. Lakini nani anafungua hati ya zana ya ukaguzi baada ya kuambiwa "ndiyo"? Aliyeambiwa "ndiyo" ameshaendelea na kazi zake. Anayefungua ni yule aliyeambiwa "hapana" mbele ya folda anayojua fika ina kazi yake ya miezi, au yule anayeandika skripti na anataka kujua afanyeje zana ikikataa. Hati iandikwe kwa ajili ya hao wawili. Wengine watajitegemea.

Git inaangalia vitu vitatu

Kabla sijaandika sentensi hata moja ilinibidi nijibu swali ambalo msimbo ulikuwa umeshalijibu kimyakimya: Git yenyewe inatambuaje kwamba folda fulani ni repo? Wengi wetu tunaoitumia kila siku tunadhani ni kwa kuona folda ya .git. Kuna zaidi. Ndani ya .git inatafuta folda ya objects (au kigeu cha mazingira GIT_OBJECT_DIRECTORY kinachoielekeza kwingine), folda ya refs, na faili la HEAD ambalo ama linataja njia inayoanza na refs/, ama lina kitambulisho kamili cha komiti, yaani hatua moja iliyohifadhiwa ya historia. Imeishia hapo. Haifungui komiti hata moja, haihesabu matawi, wala haijali kama kuna msimbo wowote.

Unaweza kujionea kwa mikono yako, bila git init, mradi tu usiwe ndani ya repo nyingine:

```
$ mkdir -p jaribio/.git/objects jaribio/.git/refs
$ echo 'ref: refs/heads/main' > jaribio/.git/HEAD
$ git -C jaribio rev-parse --git-dir
.git
```

Folda hii haina komiti, haina tawi, haina hata faili la config, na Git imeipokea. Sasa ondoa folda ya refs, ambayo haina kitu ndani yake, urudie amri ileile:

```
$ rmdir jaribio/.git/refs
$ git -C jaribio rev-parse --git-dir
fatal: not a git repository (or any of the parent directories): .git
```

Nilitaka mfano huu ukae juu kabisa kwenye hati, kabla hata ya maelekezo ya kusakinisha, na hapo tukavutana. Hoja ya upande wa pili haikuwa mbaya: mtumiaji anataka kutumia zana, hataki kufunuliwa matumbo ya Git. Kwa zana nyingi ningekubali. Kwa hii sikubali. Mtu akishaona kwamba repo hutengenezwa kwa mkdir na echo, anaelewa papo hapo kwamba "ndiyo" ya zana ina uzito mdogo. Na akiona repo inavyoacha kuwa repo kwa kufutwa folda moja tupu, anajua pa kuanzia siku atakayopewa "hapana" asiyoitarajia.

Siku hiyo huja, kwa sababu folda ya refs huwa tupu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Git inapofanya usafi wake kwa git gc, hukusanya marejeo ya matawi na tagi (majina yanayoelekeza kwenye komiti) na kuyaandika kwenye faili moja liitwalo packed-refs, ikiziacha refs/heads na refs/tags bila kitu ndani. Repo inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Sasa chukua repo ya namna hiyo, hasa ya seva, iliyotengenezwa kwa git init --bare, isiyo na mafaili ya kufanyia kazi. Ihamishe kwa programu ya nakala rudufu inayoruka folda tupu, au iweke kwenye hifadhi ya wingu inayotunza mafaili kwa majina yao tu, ambako folda tupu ni kitu kisichokuwepo. Ukija kuirudisha, objects ipo, HEAD lipo, packed-refs lipo, komiti zote ziko salama salimini. Refs ndiyo haipo. Git inatamka kwamba hii si repo, na mwenye nayo anabaki roho mkononi. Dawa yake ni mkdir refs, basi, kila kitu kinarudi mahali pake. Repo zilizokloniwa mara nyingi huponea, kwa kuwa refs/remotes/origin/HEAD ni rejeo linaloelekeza kwenye rejeo jingine, na ya aina hiyo hayapakiwi, hivyo refs haibaki tupu.

Hati ina aya nyingi. Ningeamriwa nifute zote nibakize moja, ningebakiza hiyo.

Namba 128

Ukitaka kuandika zana kama hii haraka haraka, utaendesha git rev-parse --git-dir na kutazama namba ya kutoka, ile ambayo kila programu huiacha nyuma inapomaliza kazi. Sifuri ni repo, nyingine yoyote si repo. Nimeona skripti nyingi zilizojengwa hivyo, na nyingi zinafanya kazi miaka na miaka bila mtu kulalamika. Shida ni kwamba Git ikikwama kwa sababu nzito, iwe ipi, hutoka na 128. Folda si repo: 128. Folda ni repo lakini inamilikiwa na mtumiaji mwingine wa kompyuta: 128. Repo imeandikwa kwa muundo ambao toleo lako la Git haliufahamu: 128 vilevile.

Hiyo ya katikati imewasumbua watu wengi tangu Aprili 2022. Mwezi huo Git 2.35.2 ilitoka na ukaguzi mpya wa umiliki, baada ya udhaifu uliosajiliwa kwa jina CVE-2022-24765. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa, mmoja angeweza kuweka folda ya .git juu ya folda za wenzake, mfano C:\.git kwenye Windows, na ndani yake config inayoamuru programu fulani iendeshwe, kwa kupitia core.fsmonitor na machaguo mengine ya aina yake. Mwenzake akiandika git status tu, amri ya mtu mwingine inatekelezwa kwa mamlaka yake yeye. Tangu hapo Git inakataa repo isiyo yako mpaka uitaje kwenye mpangilio wa safe.directory. Uamuzi mzuri, sina neno. Lakini nenda kwenye kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, ambako msimbo huingizwa kutoka nje ukiwa na namba ya mmiliki mwingine kabisa: ukaguzi huu hugonga mara kwa mara, na skripti iliyotegemea 128 inakwambia "si repo" huku repo nzima imelala mbele yake.

Kagua husoma ujumbe wa Git ili kutenganisha hali hizo. Hati inakiri waziwazi kwamba hiyo ni njia dhaifu. Maneno ya ujumbe hubadilika. Hata huu wa umiliki ulipoanza ulisema repo si salama, baadaye ukageuzwa kuwa "detected dubious ownership". Tena Git hutafsiri ujumbe wake kwa lugha ya mtumiaji, kwa hiyo zana huweka LC_ALL=C, inayoifanya Git ijibu kwa Kiingereza, kabla ya kuiita. Mstari huo ukikaa kwenye msimbo bila maelezo, yuko mtu atakayekuja kuufuta akidhani ni takataka. Kwa hiyo umeelezwa mara mbili, kwenye msimbo na kwenye hati, na sioni haya kurudia.

Kutokana na kisa hicho hicho cha 2022 hati ina sentensi nyingine ambayo wasomaji wengi hupita bila kuitazama: kagua haiendeshi git status kamwe. Mtu anayekagua folda iliyotoka kwa asiyemjua ana haki ya kujua kwamba ukaguzi wenyewe hautamfungulia mlango mgeni.

Kuna "hapana" na "ndiyo" nyingine za uongo ambazo sitazichambua sana. .git si lazima iwe folda: kwenye moduli ndogo (repo iliyowekwa ndani ya repo nyingine), na kwenye folda za ziada zinazotengenezwa kwa git worktree, ni faili la kawaida lenye mstari mmoja unaoanza na gitdir: na njia ya kuelekea repo halisi. Zana inayouliza "je, .git ni folda?" itakataa zote hizo. Folda hiyo ya ziada ikinakiliwa au kuhamishiwa kompyuta nyingine bila repo mama, faili linabaki likielekeza pasipo na kitu, na hapo "hapana" ni ya haki. Ukiendesha git rev-parse --is-inside-work-tree ukiwa ndani ya .git yenyewe, itachapa false lakini itatoka na sifuri, kwa hiyo anayetazama namba tu anasoma kinyume cha anayetazama maandishi.

Kuna na hili la skripti za .git/hooks, zile ambazo Git huziita yenyewe panapotokea jambo kama komiti mpya, ambalo huwapoteza hata wazoefu. Git inapoziendesha huziwekea kigeu cha GIT_DIR ili zijue ziko repo gani. Ukiita zana ya ukaguzi kutoka humo na kuipa folda nyingine kabisa, Git inafuata GIT_DIR na kukujibu kuhusu repo iliyoanzisha skripti. Unauliza habari za fulani, unajibiwa za jirani yake. Kagua hufuta vigeu vyote vya aina hiyo kabla ya kuanza. Orodha yake Git inaitoa yenyewe kwa git rev-parse --local-env-vars, kwa hiyo hakuna haja ya kuikariri.

Kupanda au kutopanda

Git haiishii kwenye folda uliyoitaja. Isipokuta .git hupanda folda ya juu, na ya juu yake, mpaka ifike kwenye mzizi au kwenye mpaka wa diski. Kwa mtu anayefanya kazi ndani ya repo hii ni neema: anaandika git log akiwa ndani sana kwenye matawi ya folda na inafanya kazi. Kwa zana ya ukaguzi ni mtego. Wapo wanaotunza mafaili yao ya mipangilio kwa kuigeuza folda yao ya nyumbani kuwa repo, na kwenye kompyuta ya mtu kama huyo kila folda iliyo chini ni "repo", hata ile aliyoiunda sasa hivi kuwekea picha.

Hili lilikuwa la kuamua, na hati ndiyo iliyolazimisha uamuzi. Nilikuwa naandika sentensi ya kueleza chaguo la --panda nikakuta siwezi kuimaliza bila kusema hali ikoje chaguo hilo lisipowekwa, na msimbo wa wakati ule ulikuwa unapanda kwa anwani za aina moja na haupandi kwa nyingine. Sasa haupandi kabisa mpaka uombwe. Ukiipa folda, inauliza habari za folda hiyo tu, kwa njia sawa na git rev-parse --resolve-git-dir, ambayo haitafuti kokote kwingine.

Majibu ni matatu

Chukua skripti ya usafi. Inapita kwenye diski, kila folda ambayo si repo inafutwa ili kuokoa nafasi. Mwandishi wake ameandika "kama kagua haikubali, futa". Siku moja diski ya mtandaoni inasita, au mmiliki wa folda amebadilika, na kagua inashindwa kusoma. Kama zana ina majibu mawili tu, kushindwa huko kutaangukia kwenye "hapana", na kazi ya mtu imekwenda na maji.

Kwa hiyo kuna jibu la tatu: haikujulikana. Grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, imekuwa ikifanya hivi tangu zamani, na POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, kimeliandika: 0 ikipata, 1 isipopata, zaidi ya 1 ikiwa imekwama. Nilitamani kuufuata mpangilio huo, ni mzuri na watu wameuzoea. Kilichonizuia ni lugha za programu zenyewe. Programu ya Python ikianguka kwa hitilafu ambayo hakuna aliyeishughulikia, hutoka na 1. Chaguo likiandikwa vibaya, maktaba ya argparse hutoka na 2. Programu ya Go ikianguka kwa panic hutoka na 2. Maana yake ni kwamba, kwenye mpangilio wa grep, zana iliyokufa njiani inaweza kusikika ikisema "nimeangalia, si repo".

Kagua inatumia 0 kwa repo, 3 kwa si repo, 4 kwa haikujulikana. 1 na 2 zimeachwa kwa ajali. Namba za 126 kwenda juu hatuzigusi, maana ganda la amri (programu inayopokea amri zako kwenye terminali) linazo matumizi yake: 126 amri haiwezi kuendeshwa, 127 haikupatikana, na zaidi ya 128 programu imeuawa kwa ishara. Kwenye hati jedwali la namba ni dogo, lakini sababu za kuchagua namba hizo zimechukua nusu ukurasa. Asiyezijua sababu ataleta pendekezo la kurudisha 1, na atakuwa na hoja nzuri.

Bado hilo halitoshi, kwani if ya ganda la amri inajua sifuri na isiyo sifuri tu. Mfano uliopo kwenye hati kwa hiyo hautumii if. Unatumia case:

```
kagua "$folda"
case $? in
  0) echo "repo: $folda" ;;
  3) echo "si repo: $folda" ;;
  *) echo "haikujulikana, usiguse: $folda" >&2 ;;
esac
```

Hata mtu asiyesoma neno lolote kwenye hati atanakili mfano. Mimi mwenyewe hufanya hivyo kwenye hati za wengine. Kwa hiyo mfano ndio unaopaswa kuwa na tahadhari ndani yake, kwa sababu maelezo yaliyo pembeni hayanakiliwi.

Anwani za mtandaoni

Huku "hapana" ni nadra kuliko nilivyodhani. Kagua hutumia git ls-remote, ambayo huiuliza seva orodha ya marejeo bila kupakua msimbo. Repo ikiwepo na ukiwa na ruhusa, orodha inakuja. Ikiwa mpya, haina komiti hata moja, inarudi orodha tupu na namba sifuri, na wapo waliosoma ukimya huo kuwa kukataliwa. Ukiongeza --exit-code, Git hutoka na 2 pasipo na rejeo lolote, jambo linalofaa kwa kazi nyingine lakini kwa ukaguzi wetu linapotosha, kwa kuwa repo tupu ni repo.

Isipokuja orodha, sababu ni nyingi na karibu zote zinakuja na 128 yetu ileile: jina la seva halipo, intaneti imekatika, nenosiri si sahihi, huna ruhusa, repo haipo. Mbili za mwisho haziwezi kutenganishwa hata kwa kusoma ujumbe, na si uzembe wa mtu. GitHub kwa mfano hujibu 404, yaani "haipo", kwa repo ya faragha ambayo huna ruhusa nayo, sawasawa na inavyojibu kwa repo isiyokuwepo, ili mpita njia asiweze kugundua nani ana repo gani. Kwa hiyo kwenye anwani za mtandaoni kagua haitoi 3 pale seva inapokataa. Inatoa 4, na hati inaeleza kwa nini: "Seva imekataa. Huenda repo haipo, huenda ipo na huruhusiwi. Kutokea hapa haiwezekani kujua." Kuna waliolalamika kwamba zana inakwepa swali. Ningependa waniambie wao wangelijibuje.

Mambo mawili ya kiutendaji yamo kwenye sehemu hii kwa herufi nzito. Git ikikosa jina la mtumiaji hulisubiri kwenye terminali, na kwenye mfumo wa kujenga na kupima msimbo kiotomatiki hakuna mtu wa kulichapa, kwa hiyo kazi inaning'inia mpaka ikatwe; zana huweka GIT_TERMINAL_PROMPT=0, na kwa ssh hutumia BatchMode=yes. Na anwani yenye tokeni (ufunguo wa siri wa kuingilia) ndani yake haichapwi popote ilivyo: kagua hukata sehemu ya siri kabla ya kuandika ujumbe wowote. Lingine dogo: anwani haiaminiwi. Mwaka 2017 iligundulika kwamba anwani inayoanza na ssh://- ingeweza kupenyeza machaguo ndani ya amri ya ssh na kuendesha programu, kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2017-1000117 na kurekebishwa kwenye Git 2.14.1. Anayekagua orodha ya anwani zilizoletwa na watu wasiojulikana anastahili kuambiwa toleo la chini kabisa la Git tunalolikubali, na sababu yake.

Mifano inayoendeshwa

Hati huzeeka kuanzia kwenye mifano. Amri zote zilizomo kwenye hati yetu hutolewa na skripti na kuendeshwa upya kila msimbo unapobadilika; matokeo yakitofautiana na yaliyoandikwa, mabadiliko hayapiti. Wazo si geni, Python imekuwa na doctest, inayoendesha mifano iliyo kwenye hati, tangu 2001. Ila kwa zana ya kukagua repo kuna kichekesho chake. Ukiendesha mifano ndani ya folda ya mradi, upo tayari ndani ya repo, na mfano unaotakiwa kuonyesha "si repo" kwa chaguo la --panda utakuta .git ya mradi wenyewe na kujibu "repo". Mifano huendeshwa kwenye folda ya muda nje ya mradi, kwa mktemp -d, na juu yake huwekwa GIT_CEILING_DIRECTORIES, kigeu kinachoiambia Git isipande kupita mahali fulani. Maelezo haya yapo kwenye mwongozo wa wachangiaji. Mtumiaji wa kawaida hana shida nayo.

Isichokagua

Kurasa za mwongozo za Unix zilikuwa na sehemu ya BUGS tangu toleo la kwanza la tarehe 3 Novemba 1971, la Ken Thompson na Dennis Ritchie. Waandishi wa zana wenyewe wanakwambia zana yao inaishia wapi, kwenye ukurasa uleule unaoisifu. Siku hizi sehemu hiyo imepotea kwenye hati nyingi, na nafasi yake imechukuliwa na picha za beji za rangi. Mimi nimeirudisha, na nimeipa jina "Isichokagua".

Sehemu hiyo inaanza na uzima wa data. Kuona HEAD, objects na refs ni kama kuangalia kwamba kitabu kina jalada na ukurasa wa yaliyomo. Kama kurasa zimo ndani ni habari nyingine. Repo ambayo nusu ya komiti zake zimeharibika kwenye diski itapewa 0 bila kusita. Anayetaka kujua hilo atumie git fsck, ambayo husoma vitu vyote na kulinganisha kila kimoja na jina lake, maana jina la kila kitu ndani ya Git ni hesabu ya yaliyomo ndani yake. Kwenye repo kubwa inachukua muda, na ndiyo sababu hatukuiweka ndani ya zana inayotakiwa kujibu mara moja. Hati inaongeza kwamba maneno "dangling commit" (komiti isiyofikiwa na tawi lolote) kwenye matokeo ya fsck si hitilafu, kwa sababu kila nikimshauri mtu aendeshe fsck, hilo ndilo swali linalofuata.

Historia iliyokatwa nayo haihesabiwi kuwa kasoro. Repo iliyokloniwa kwa --depth=1 ni repo, ingawa ukiiomba komiti ya zamani haitakuwa nayo. Kama skripti yako inahitaji historia nzima, git rev-parse --is-shallow-repository itakujibu, kagua haitakujibu. Mercurial na Subversion hazimo kabisa. Kwa Subversion hata swali lenyewe lingebadilika, kwa sababu folda yenye .svn ni nakala ya kazi, na repo yenyewe inakaa kwingine.

Mwisho kuna aya ya muundo mpya wa marejeo, reftable, ulioingia kwenye Git 2.45 mwaka 2024. Repo ya muundo huo ina HEAD yenye maneno ref: refs/heads/.invalid, na refs/heads ndani yake ni faili, halina matawi. Vimewekwa kwa makusudi, ili programu za zamani zinazotafuta vile vitu vitatu zivikute na zitambue kuwa hii ni repo, ingawa haziwezi kuisoma. Kagua ikikutana nayo kwenye kompyuta yenye Git ya zamani hutoa 4: repo ipo, toleo hili haliielewi. Kuna pendekezo kwamba itoe 0, kwa hoja kwamba swali lilikuwa kama ni repo, na ni repo. Bado tunabishana, na kwa sasa hati inasema 4, na pembeni yake tarehe ambayo mstari huo uliguswa mara ya mwisho.